Polepole: siku yangu moja Mtwara

Saa 11 na nusu alfajiri nimeshaswali, nipo ufukweni Shangani, miguu peku. Maji yamekupwa na akina mama wa pweza wameshatangulia miambani. Mimi nasimama tu. Miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono mbele ya kifua kama nimekumbatia mtungi. Wachina huita zhan zhuang, kusimama kama mti. Pumzi naiacha ishuke hadi chini ya kitovu. Zamani dakika 10 zilinishinda, mapaja yakitetemeka. Siku hizi ndizo dakika zangu tamu kuliko zote.

Saa 12 naingia baduanjin, mikao minane ya qigong, mazoezi ya Kichina ya pumzi na mwendo. Wa kwanza, viganja vinapanda ukivuta pumzi mpaka juu ya kichwa kama unaisukuma mbingu, kisha vinashuka ukiitoa. Alinifundisha fundi mmoja wa Kichina aliyekuja enzi za ujenzi wa bomba la gesi, nikimuuzia maandazi hapahapa. Kiswahili chake kilikuwa neno moja, “polepole”, nalo lilitutosha.

Saa 2 nipo kwenye kikundi, tunabangua korosho. Mkono unavuta mpini wa mashine, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, na mafuta yake yanaunguza vidole usipojipaka kitu cha kuvikinga. Kinachoumiza zaidi ni mabega, yanapanda hadi masikioni bila wewe kujua. Kila sinia likijaa nayashusha, natoa pumzi ndefu, naendelea.

Saa 4 chai na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, na pilipili.

Saa 7 mama mmoja, mkubwa kwetu sote, akaniita.

“Mwanangu, mbona wewe hulalamiki bega tena?”

“Bado linauma, mama, ila si kama zamani. Dawa za hospitali nilimaliza dozi. Haya mazoezi yangu ni ya kuongezea.”

“Basi nioneshe.”

Nikamketisha kwenye kigoda, mgongo wima, viganja juu ya tumbo. Nikamwambia avute kwa pua, tumbo lijae, atoe taratibu kuliko alivyovuta. Pumzi ya tatu akafumba macho. Ya sita, mabega yake yakashuka yenyewe. Nilitaka kulia kwa furaha.

Saa 10 tunafunga kazi. Usiku, kabla ya kulala, nasugua viganja mpaka vipate moto, naviweka kiunoni nyuma. Kesho mama anataka tuongozane Shangani. Nimemwambia avae kanga nyepesi.