Mtandao wa lupango: kwa nini tovuti zinatuweka Afrika Kusini

Hali ilivyo: fiba moja inaingia lupango (uwanja wetu wenye nyumba kadhaa), inagawanywa kwa nyumba zote kwa waya na Wi-Fi, na modemu ya simu inakaa pembeni ikingoja siku fiba ikatike. Kasi inatosha. Kinachosumbua ni kwamba tovuti hazikubaliani tuko nchi gani. Duka la vipuri vya kompyuta linatupa bei kwa randi. Ramani kwenye laptopu inatuchora Kitwe, Zambia. Jukwaa la masomo la vijana linajua vizuri tuko Kongo, lakini saa zake haziendi na za ukutani. Na sisi tuko hapa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. (Ndiyo, Kenya. Kuna fomu za anwani zikiona jina hilo zinatupeleka Nairobi, ila hilo nimeshalizoea.)

Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: VPN, yaani kupitisha data kwenye seva ya nchi nyingine ili uonekane uko huko. Sikubali. VPN inatupa nchi ya tatu ya uongo juu ya mbili tulizonazo, inakula mega, na tovuti za benki zikiinusa zinafunga mlango. Nataka kwanza kujua kila tovuti inasoma ushahidi gani, maana hazisomi kitu kimoja.

Randi

Nilianza na anwani yetu ya IP, namba inayotutambulisha mtandaoni. Tuna bahati, mtoa huduma alitupa anwani ya umma, inayofikika moja kwa moja toka nje. Nikaiuliza kwa whois (amri ya kujua anwani imeandikishwa kwa nani) kwenye daftari la AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani za IP kwa Afrika. Jibu likaja na mstari mmoja ulioeleza karibu kila kitu: `country: ZA`. Kitalu cha anwani, yaani fungu ambamo yetu imo, kiliandikishwa na kampuni ya Afrika Kusini, kisha kikaletwa kutumika huku. Mstari ule hausemi waya unaishia wapi, ila hifadhidata nyingi za mahali huuchukua kama ulivyo.

Nikaingiza anwani ileile kwenye hifadhidata tofauti zinazoruhusu kuuliza bure. Moja ikasema Johannesburg. Nyingine ikasema Kongo, Kinshasa. Hiyo Kinshasa isikufurahishe: mara nyingi maana yake ni kwamba wanajua nchi tu, wakabandika mji mkuu. Mchezo huu una historia. MaxMind, mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hii, ilikuwa ikiweka anwani za Marekani zisizojulikana mahali pake kwenye nukta moja karibu na katikati ya nchi. Nukta hiyo ikaangukia shamba moja la Kansas, na anwani zaidi ya milioni 600 zikasomeka kana kwamba ziko pale. Wenye shamba waliteseka kwa miaka, polisi wakiwagongea kutafuta wezi wa mtandaoni. Habari ilipotoka mwaka 2016, nukta ikahamishiwa ziwani.

Kabla ya kudai masahihisho nilitaka uhakika kwamba data yetu haitokei Johannesburg kweli, kwa sababu kwa wanaotumia setilaiti hilo hutokea: ishara inashuka kwenye kituo cha nchi nyingine, na tovuti inayosema uko huko haijakosea. Hapa hesabu ya mwanga inasaidia. Ndani ya fiba mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka hapa hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,600 kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 16. Nikatumia seva ya majaribio iliyoko Johannesburg kuipigia ping anwani yetu, yaani kuitumia ujumbe mfupi na kupima unachukua milisekunde ngapi kurudi. Ingerudi kwa moja au mbili, ningejua tunatokea huko. Ilirudi kwa arobaini na kitu. Hatuko huko.

Kitu kingine kikajitokeza: tovuti ileile ilikuwa ikitoa randi kwenye laptopu, na franka kwenye simu ya mdogo wangu, zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja. `curl -4` na `curl -6`, amri zinazofungua tovuti kwa aina moja tu ya anwani, ya zamani (IPv4) au mpya (IPv6), zikatoa jibu. Kwa IPv4 tunaonekana ZA, kwa IPv6 tunaonekana CD (Kongo yetu), na kila kifaa kinachagua njia yake. Ukiona nchi inabadilika-badilika bila wewe kugusa kitu, jaribu hizo amri mbili kwanza.

Barua kwa mtoa huduma

Fomu za masahihisho nimejaza, lakini dawa yenyewe iko kwa mwenye kitalu. Tangu 2020 kuna muundo unaoitwa geofeed, RFC 8805: faili la maandishi matupu ambalo mwenye anwani anaweka kwenye seva yake, na hifadhidata zinalisoma. Fundi wao hakuwa amelisikia, basi nikamwandikia mfano:

`203.0.113.0/24,CD,CD-HK,Lubumbashi,`

HK ni Haut-Katanga, kwa kuwa Katanga nzima iligawanywa mwaka 2015. Alinirudishia rasimu yenye CG. Nikamwambia, "Papa fundi, hapo umetupeleka Brazzaville." Akacheka, akasahihisha. Herufi moja hiyo inavusha watu mto kila siku.

Kitwe

Hii ndiyo iliyonipendeza. Simu zote zilituonyesha mahali sahihi kwa kuwa zina GPS. Laptopu peke yake ilituweka Kitwe. Nikaizima Wi-Fi, nikachomeka waya, nikafungua ramani upya: Johannesburg. Kumbe kwa waya inabaki na IP tu, na kwa Wi-Fi inasoma kitu kingine.

Nikageuza ruta zetu mbili. Nilizinunua mitumba Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa muuzaji mmoja, na chini ya kila moja kuna kibandiko cha mali ya ofisi fulani ya Kitwe, kimekwaruzwa nusu. Google, Microsoft na wenzao wanatunza orodha za ruta za Wi-Fi, namba ya kila moja na mahali ilipoonekana. Zetu zilivuka mpaka, orodha ikabaki Kitwe. Majirani wengi wanatumia mtandao wa simu, hivyo hakuna ruta nyingine karibu za kuzipinga.

Dawa: jina la Wi-Fi sasa linaishia `_optout_nomap`. Sehemu ya kwanza inawaambia Microsoft watuondoe orodhani, ya pili Google, na hiyo ya pili lazima iwe mwisho kabisa. Vijana wanalalamika kwamba jina limekuwa baya. Kweli limekuwa baya. Kitwe imetoweka, na laptopu ikikosa Wi-Fi ya kusoma inarudi kwenye IP, yaani Johannesburg, mpaka geofeed ifanye kazi.

Saa

Jukwaa la masomo halikuwa na kosa la nchi. Kongo ina saa mbili: Kinshasa inatumia UTC+1, sisi UTC+2. Jukwaa likiona Kongo linachukua Kinshasa, kwa hiyo somo lililoandikwa 10:00 linaanza kwetu saa ya ukutani ikisema 11:00, na vijana wanangoja mbele ya skrini tupu. Kwenye mipangilio ya kila akaunti nimechagua Africa/Lubumbashi. Dakika chache, limekwisha.

Kilichobaki

Binamu yangu duka lake la programu bado ni la Zambia, lakini hilo ni la akaunti aliyofungulia huko, na Google Play inaruhusu kubadili nchi mara moja tu kwa mwaka. Ameamua kusubiri.

Geofeed imewekwa. Hifadhidata iliyosema Johannesburg sasa inasema Lubumbashi. Ile ya Kinshasa haijasogea. Duka la vipuri bado linaandika randi. Kadi ya mtandao ninayoihitaji nitainunua mjini.