Paka wa Kibarazani

Tanga, Aprili, mvua za masika

Mvua haijapumzika tangu alfajiri, na siku kama hii albamu za zamani huachwa zimefungwa. Hewa ikijaa unyevu, ile gelatini inayobeba picha juu ya karatasi hulainika na kunata. Ukurasa ukifunuliwa kwa pupa, uso wa bibi hubanduka na kubaki upande wa pili. Basi leo si siku ya kushika picha. Ni siku ya kumfikiria yule paka.

Yumo humo ndani. Zitazame picha za nyumbani za Ngamiani, mtaa wa Tanga, au za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na ukishamaliza nyuso shuka chini, kwenye miguu ya kiti, ukingo wa baraza, kizingiti cha mlango. Wakati mwingine kilichobaki ni mkia tu unaoingia ndani. Watu wote wamepangwa: mabega juu, mikono mapajani, mtoto kanyamazishwa. Paka hakupangwa na mtu. Amekaa alipokuwa akikaa kila siku, na kwa sababu hiyo ushahidi wake ni mzito kuliko wa waliovaa nguo za Idi.

Jambo la kwanza analolisema ni kwamba picha ilipigwa nyumbani. Studio zilikuwa na pazia la kuchorwa, kiti cha kusuka na maua ya karatasi. Watoto walipelekwa, paka hakupelekwa, kwa kuwa ukimtia kikapuni ukampitisha sokoni hutampata tena. Kwa hiyo ukimwona, mpiga picha alikuja na kamera yake, au nyumba ile ilikuwa na kamera. Na kukaa kwake juu ya mkeka pamoja na wazee si ajabu kwa watu wa pwani. Mafundisho ya dini yanamtoa paka katika najisi na kumhesabu miongoni mwa wanaotuzunguka nyumbani, na sahaba mkubwa wa Mtume tunamjua kwa lakabu ya Abu Huraira, iliyotokana na paka. Wazee walishasema: paka wa nyumba haingwa.

Kisha utazame mkia. Kamera za sanduku, kama Brownie iliyotoka mwaka 1900, zilifungua shata, kile kilango cha kupitishia mwanga, kwa takriban sehemu moja ya 25 hadi ya 50 ya sekunde. Mkia unaotembea sentimita 50 kwa sekunde husogea sentimita 2 shata ikiwa wazi kwa sehemu moja ya 25. Ndiyo maana mwili huwa wazi hadi ndevu zihesabike, na ncha ya mkia ikawa kama moshi. Katika picha za sahani za kioo, zilizotumika kabla ya filamu, zilizopigwa kivulini kwa sekunde nzima au zaidi, paka anayetembea huacha utepe hafifu kandokando ya ukuta, au hatokei kabisa. Utepe huo hudhaniwa kuwa doa, ukafutwa. Kabla ya kufuta doa lolote lililo chini ya usawa wa magoti, angalia kama lina mwelekeo: doa la maji huwa na ukingo mweusi na husambaa kila upande, ila paka aliyepita huacha mstari wa usawa, na mara nyingi miguu huonekana kuliko mgongo, kwa kuwa kila unyayo husimama kidogo pale unapokanyaga.

Rangi ndiyo inayowapotosha wengi. Sahani na filamu za zamani ziliona buluu vizuri, nyekundu hazikuiona. Filamu nyingi za bei nafuu za kamera za sanduku ziliendelea hivyo hadi miaka ya 1950. Matokeo yake kanga nyekundu hutoka nyeusi, kitambaa cha buluu hukaribia weupe, na paka mwekundu hutoka mweusi au kijivu kizito. Mjukuu huandika “paka mweusi”, bibi akashikilia kwamba nyumba ile haijapata kuwa na paka mweusi. Bibi ana haki. Dawa ni kukuza picha na kutafuta michirizi: paka mwekundu hakosi michirizi, japo hafifu, kwenye paji la uso na miguuni. Ukiiona kwa paka aliyeonekana mweusi, na kanga iliyo karibu naye nayo ikawa nyeusi kupita kiasi, mhesabu kuwa huenda ni mwekundu. Na kama ni mwekundu, uwezekano mkubwa ni dume, maana wekundu wengi ni madume. Wale wa rangi tatu karibu wote ni majike. Katika picha isiyo na rangi, mabaka meusi na mekundu hugeuka baka moja, kwa hiyo jike wa rangi tatu anaweza kusomwa vibaya kuwa mweusi na mweupe.

Picha za rangi za miaka ya 1970 nazo zina hila yake. Rangi ya samawati ndani ya karatasi ilichakaa kabla ya nyingine, hata kama picha ilikaa gizani, na sasa nyingi zimekuwa nyekundu-nyekundu. Paka mweupe ameiva waridi. Tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, kanzu au chokaa ya ukuta, urekebishe rangi kwa hicho, ndipo umtazame paka.

Manufaa yake makubwa ni katika kutafuta miaka. Mabaka ya paka hayabadiliki akishakua: baka la kifuani, soksi za miguu, mkia uliopinda nchani. Ukimpata paka yuleyule katika picha mbili, ni nadra zipishane miaka 20. Paka wa kutoka na kuingia akifika 12 au 15 ni mzee sana. Hapo mtoto aliye mapajani katika picha moja na mwanafunzi aliye katika nyingine huanza kupangika. Tahadhari moja: negativu, ile filamu inayosafishiwa picha, ikigeuzwa wakati wa kusafisha, kulia huwa kushoto, na paka mmoja akahesabiwa wawili. Angalia vifungo vya shati la mwanamume. Vikiwa upande wa kushoto wa mvaaji, picha imegeuka.

Kivuli chake nacho kisiachwe. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo kivuli huangukia kusini. Adhuhuri ya Desemba huangukia kaskazini. Nyumba ikiwa bado imesimama na unajua mlango unatazama wapi, paka aliyelala kwenye ukanda wa kivuli chini ya ukuta anaweza kukuambia kama ni msimu wa kusi, pepo za katikati ya mwaka, au wa kaskazi, pepo za Desemba hivi. Picha za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba hazitasaidia, jua huwa karibu utosini.

Kwa wenye subira, mkusanyiko wa picha za Shirika la Kikoloni la Ujerumani, uliohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, unatazamika mtandaoni, na Tanga na Bagamoyo zimo. Usitafute kwa neno “paka”. Waandishi wa maelezo yale waliandika boma, reli na bandari. Watu wa nyumbani mara nyingi hawakupewa majina, sembuse mnyama wao. Tafuta kwa jina la mji, kisha upitie picha moja moja ukikuza pembe za chini. Ni kazi ya macho.

Kuhusu kuskani, hesabu ni hii. Filamu ya 120 ilitoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9, na nyingi zilisafishwa kwa ukubwa uleule. Paka aliyekaa mita 3 mbele ya kamera pichani ana urefu wa milimita 8 hivi. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata pikseli kama 95, na michirizi yote imekwenda. Kwa 1200 unapata karibu 380. Hifadhi faili la TIFF kwanza, lisilopoteza kitu, na JPEG, lililo jepesi, liwe nakala ya kutumiana. Wala usiikate picha kubaki na nyuso tu. Programu za simu zinazodai kufufua picha ni hatari zaidi: hutunga sura. Paka wa milimita 5 hupewa macho ambayo hakuwa nayo, au hugeuzwa kikapu. Faili la asili lisiguswe kamwe.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe. Ipige hapohapo, kitambaa cheusi kikiwa nyuma ya simu kuzuia mng'ao. Zilizonasa kwenye albamu za kurasa za gundi, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake taratibu, siku kavu ya kaskazi.

Ukienda kwa mzee, usianze na “mwaka gani?” Hilo hufunga mdomo. Shikamoo kwanza, mpe picha aishike ukingoni, kisha: “Bibi, huyu paka alikuwa wa nani?” Atasema alikuwa wa shangazi, alikuja na jahazi, alizalia kabatini mwezi shangazi alipoolewa. Hapo mwaka unauchukua bila kuuomba. Usimkatize akirudi kwa paka.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini ya 2B, ukingoni, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huchoma hadi mbele. Majina kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali. Aliyesimulia, na siku aliyosimulia. Halafu mstari wa mwisho, ambao karibu kila mtu huusahau: paka, yuko wapi katika picha, mabaka yake, na jina aliloitiwa chakula.