Upekecho Martinique: safari ya kuifuata ramu ya miwa

Anayepanga kwenda Martinique, kisiwa cha Karibi, ajue mapema kwamba viza ya Schengen ya kawaida, ile ya kuzunguka nchi nyingi za Ulaya, haimfikishi. Kisiwa ni Ufaransa, lakini Ufaransa ya ng'ambo, na viza lazima iandikwe wazi kwamba inaruhusu maeneo hayo. La pili ni Paris: ndege za kutoka kwetu hushukia Charles de Gaulle, na nyingi za kwenda Fort-de-France huondokea Orly, upande wa pili wa jiji. Hapo katikati ni wewe, mabegi yako na nauli ya basi iliyokatwa kwa euro bila huruma. Kisha saa nane na zaidi angani, magoti kidevuni.

Fort-de-France, mji mkuu wa kisiwa, sina la kuisimulia ila bei. Takwimu rasmi za Ufaransa za 2022 zilionyesha chakula kisiwani ni ghali kwa asilimia 40 kuliko Ufaransa bara, na sokoni hilo halihitaji takwimu: nyanya unazipima kwa macho na kuziacha. Kitu pekee kisichotisha ni ramu nyeupe, lita nzima kwa fedha ya chakula kimoja cha mgahawani.

Kwenda kaskazini kuna teksi za pamoja, vibasi vinavyoondoka vikijaa kama vya kwetu. Tofauti ni kwamba alasiri vinakwisha, na Jumapili usijisumbue kusubiri. Njiani ni miwa mpaka mlimani. Ukienda kati ya Februari na Juni utakuta viwanda vinakamua. Ukienda Oktoba utaonyeshwa vyuma vimelala. Habitation Clément, shamba la zamani la ramu kule Le François, ni pazuri kwa bustani na mapipa, ila mitambo yake ni ya kutazama tu, maana tangu 1988 hawaichemshi ramu pale.

Kinachoitofautisha ramu ya huku unakisikia puani kabla hujaambiwa. Ramu nyingi duniani hutokana na molasi, yale masalia meusi ya kiwanda cha sukari. Hapa wanachachusha maji ya muwa wenyewe, na ndiyo maana kiwandani pananukia Forodhani usiku, pale mashine ya kukamulia miwa inapozunguka na ndimu na tangawizi ndani yake. Muwa uliokatwa hausubiri: ukilala juani maji yake huchachuka vibaya, na uchachu huo haufichiki baadaye. Sheria ya jina la asili waliyopewa mwaka 1996, yaani masharti ya kuiuza ramu kwa jina la Martinique, inabana kila hatua. Uchachushaji usizidi saa 120. Pombe nyepesi inayopatikana hupandishwa kwenye mnara wa shaba unaotenga kileo kwa mvuke, makapi ya miwa yakiwa ndiyo kuni, na kinachotoka kiwe kati ya asilimia 65 na 75. Nyeupe inapumzishwa angalau wiki sita, huku ikipunguzwa kwa maji kidogo kidogo, mara nyingi hadi 50 au 55. Inayoitwa kuukuu ni lazima ilale kwenye pipa la mwaloni miaka mitatu au zaidi.

Hayo yote ni ya kiwandani. La kuandikia safari lilitokea kwenye kibaa cha mabati kule Le Carbet, nilipofundishwa kutengeneza ti-punch, kinywaji cha ramu, ndimu na sukari.

Mama mwenye baa hakuuliza tunakunywa nini. Alileta chupa nzima ya ramu nyeupe ya asilimia 50, sahani ya ndimu, kopo la sukari, glasi fupi na jagi la maji, akaondoka. Wenyeji wana msemo wa desturi hiyo: kila mtu ajitengenezee kifo chake. Bei ni ya glasi, si ya kipimo, kwa hiyo aibu ndiyo inayomimina. Mimi nilikamua nusu ndimu nzima, nikajaza ramu hadi katikati, kisha nikaomba barafu. Mama akarudi, akainusa glasi yangu, akaisogeza pembeni kama mtu anayeondoa kikombe chenye nzi, akashika kisu.

Ndimu haikatwi katikati. Inasimamishwa wima na kisu kinateremka ubavuni, kinatoka na kipande cha mviringo mpana kama sarafu ya shilingi mia mbili, ganda jingi na nyama kidogo. Kinabinywa juu ya glasi, ganda likitazama chini, ili mafuta yake yaruke ndani, halafu kinaangushwa humo humo. Maji ya ndimu yakizidi, ukali wake unaifunika harufu ya muwa, na hapo ungeweza kunywa pombe yoyote. Sukari inafuata, kijiko kimoja cha chai, na inapondwa na ndimu kabla ya ramu kuingia, kwa sababu sukari haiyeyuki kirahisi kwenye kileo kikali. Ukibadili mpangilio utakunywa moto juu na mchanga chini. Mwenye haraka anatumia shira ya miwa, nusu ya hicho kijiko. Mwisho ramu, sentilita 5, pungufu kidogo ya kikombe cha kahawa cha mwambao.

Kisha akatoa kijiti chenye matawi matano mafupi nchani, kama nyota. Wanakiita bwa lélé, kinachongwa kutoka mti unaoota matawi yake hivyo hivyo. Akakisimamisha ndani ya glasi, akakizungusha kati ya viganja viwili, mbele, nyuma, mbele. Kumbe ni upekecho! Nimeuona jikoni kwa bibi maisha yangu yote, ukiwa umesimama kwenye chungu cha mlenda.

Barafu alikataa. Baridi inaziba harufu, na ikiyeyuka ramu ya 50 inakuwa maji matamu. Ukiona moto, kunywa maji ya pembeni. Vijana wa meza ya jirani walitia barafu na hakuna aliyewafukuza, lakini mama hakuwatazama. Hiki kinywaji, ti-punch, ni cha kabla ya chakula. Wazee wengine wana kingine cha alfajiri, dékolaj, ramu tupu na maji baada yake, ambacho sikukijaribu. Ramu kuukuu hainyweki hivi: inangoja chakula kiishe, glasi yenye mdomo mwembamba, bila ndimu wala sukari.

Kwetu dengelua inatengenezwa kwa miwa ile ile, na hakuna anayeulizana muwa ulikatwa lini. Kileo cha chupani ndiyo kabisa, kinazamishwa kwenye soda ili kisisikike.

Kwa anayebeba: kileo cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70 kinaruhusiwa lita 5 kwa mtu kwenye ndege, ndani ya chupa zilizofungwa dukani. Tia kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu ukibadili uwanja Paris unakaguliwa upya na chupa ya mkononi itabaki pale. Zangu mbili nilizifunga kwa kanga, zikafika. Bwa lélé nacho kilifika, na wiki ya pili nikakikuta jikoni, kimelowa mlenda.