Niletee Mpiga Kinanda

Somo: 2 Wafalme 3:9–20

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wafalme watatu wamekwama nyikani: Yehoramu wa Israeli, Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu. Walitoka kwenda kupigana na Moabu, wakazunguka njia ya siku saba, na sasa maji hakuna, si ya jeshi wala ya wanyama. Ndipo wanamkumbuka Elisha. Naye Elisha, tuseme ukweli, hawapokei vizuri. Anamwambia Yehoramu aende kwa manabii wa baba yake na mama yake, na anaapa kwamba kama si kwa heshima ya Yehoshafati, asingemtazama hata usoni. Nabii amechafukwa. Kisha, bila kutuandaa, anasema: "Lakini sasa niletee mpiga kinanda." Na mstari unaendelea: "Ikawa, mpiga kinanda alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia juu yake."

Kila nikifika hapo jicho langu humfuata yule mpigaji. Jina lake halikuandikwa. Wimbo alioupiga haukuandikwa. Hatuambiwi hata alitolewa wapi, ila yumkini alikuwa humo humo kambini, na kama ndivyo, basi naye alikuwa na kiu kama wenzake. Tumezoea kuhubiri yale mahandaki yaliyochimbwa bondeni na maji yaliyokuja bila upepo wala mvua, na ni mahubiri mazuri. Leo naomba tukae kidogo na huyu mwenye koo kavu aliyeambiwa apige.

Hakuitwa kuwastarehesha wafalme. Aliitwa kumpigia mtu mmoja mwenye hasira, hadi mtu huyo aweze kumsikia Mungu. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa vidole peke yake. Ni lazima umwangalie mtu, usikie pumzi yake, ujue wakati wa kupunguza na wakati wa kunyamaza kabisa.

Anayepiga kinanda usharikani anaijua hali hii. Mchungaji amemaliza neno zito la toba, vichwa vimeinama, na sasa macho yote ya ndani yamegeukia kwako. Hapo ndipo unapoomba Mungu kwamba kile kinanda cha umeme hakijaachwa kwenye mdundo wa rumba tangu mazoezi ya jana. Mipigo minne tu unayoigusa kabla ya wimbo ndiyo itakayoamua kama watu watabaki pale mahubiri yalipowafikisha, au watainua vichwa kutazama saa.

Msibani ni zaidi. Huko hakuna anayesubiri utangulizi. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mkekani anaanzisha wimbo, na sauti aliyoishika haipo kwenye kinanda chochote. Iko katikati, baina ya funguo mbili. Mpigaji mzuri niliyemshuhudia katika hali hiyo alifanya jambo ambalo wengi wetu linatushinda: aliweka mikono mapajani. Ubeti wa kwanza wote akausikiliza. Wa pili, waimbaji walipokuwa wamejikusanya na sauti imepanda kidogo, akaingia na besi peke yake, kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, chini kabisa, polepole, kana kwamba anauliza ruhusa. Kiitikio kilipofika ndipo mkono wa kulia ukaongezeka. Sidhani kama kuna mfiwa aliyegundua kinanda kilianza saa ngapi. Na mama yule hakuwahi kuhisi kwamba amekosea ufunguo.

Sasa, asije mtu akatumia habari hii kutetea uvivu. Zaburi 33:3 inasema, "Pigeni kwa ustadi kwa sauti ya shangwe." Ustadi uko ndani ya amri yenyewe. Yule mpiga kinanda wa kambini asingeweza kumtuliza nabii kwa kubahatisha, na huyu wa msibani asingejua pa kuingilia kama masikio yake hayakunolewa kwa miaka ya solfa (kusoma noti kwa do, re, mi) na mazoezi. Tuna desturi mbaya ya kusema "Mungu anaangalia moyo" pale tu tuliposhindwa kufanya mazoezi.

Ila ustadi nao una mtego wake, na waliouingia si watu wadogo. Februari 1706 baraza la kanisa la Arnstadt, Ujerumani, lilimwita mpiga ogani wake ajibu mashtaka. Alikuwa kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach. Alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck, safari ya zaidi ya kilomita 400, ili amsikie bingwa wa ogani Dieterich Buxtehude, akakaa takriban miezi minne. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ndilo linalotuhusu: walilalamika kwamba anachanganya sauti ngeni ndani ya tenzi, anazipamba kupita kiasi, hata usharika unachanganyikiwa. Wakaongeza kwamba awali alikuwa anapiga utangulizi mrefu mno, na alipoonywa akageukia upande wa pili, akawa anaufanya mfupi mno. (Huko kususa kwa vijana wa muziki, kumbe ni kwa zamani!)

Nampenda sana Bach, na najua historia ilimpa haki kuliko ilivyowapa wale wazee. Hata hivyo, Jumapili ile watu wa Arnstadt walikuwa na haki yao. Walikuja kuimba, wakapotezwa njiani. Baadaye mtu huyu huyu alikuja kuandika mwishoni mwa kazi zake herufi S.D.G., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake, na zile tenzi alizozipanga kwa sauti nne hadi leo wanafunzi wa muziki wanafundishiwa kwazo. Ufundi wake haukupungua. Alijifunza kuuelekeza.

Kupanga wimbo kwa ajili ya kanisa ni upendo unaofanywa Jumatano usiku, kabla hujamwona mtu yeyote. Unakaa na wimbo wa kitabuni na kujiuliza nani ataimba. Umeandikwa Doh ni Es, yaani ngazi yake inaanzia E-flat, na noti ya juu inafika mahali ambapo ibada ya kwanza, saa moja asubuhi, koo za wazee hazijafunguka. Shusha hadi C. Utapoteza mng'ao kidogo, utapata usharika mzima. Kisha angalia maneno. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tenzi nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya zina tuni inayotua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho. Waumini wamezoea, hawalalamiki. Mpangaji ndiye mwenye kuwasaidia: pale pigo linapoangukia silabi isiyostahili, asipige kodi nzito (noti kadhaa kwa pamoja), aiache besi imekaa, asogeze sauti za kati tu, na neno litapita bila kujikwaa.

Na kuna nyimbo zinazotaka tuzipunguzie mikono. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", ambao Bernard Kyamanywa aliuandikia maneno mwaka 1966 kwa tuni ya Kihaya, umevuka mipaka hadi umeingia vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ujerumani na Marekani. Wapigaji wengi tunaurundikia kodi kwenye kila noti, kama vile tunaona aibu ulivyo mwepesi. Jaribuni kuuacha uongozwe na sauti na ngoma, kinanda kiingie kwenye kiitikio tu. Pasaka iliyopita ulipigwa hivyo kwetu, na wazee wa baraza, ambao kwa kawaida huimba wakiwa wamekunja mikono, walipiga makofi wote.

Kwa wiki hii someni pia 1 Nyakati 25. Ni sura ya majina mengi na wengi huiruka. Daudi anawapanga waimbaji na wapigaji, 288, wote wenye ustadi, na zamu zao zinapigiwa kura: mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Mwanafunzi hakuambiwa asubiri mpaka mwalimu afe. Katika sharika zetu nyingi kinanda kina mtu mmoja, akiugua tunaimba kavu, na kijana aliyekuwa akijifunza alishakata tamaa akaenda kupiga kwenye kumbi za harusi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapigaji wenzangu: Jumapili ijayo mpe mwanafunzi wako wimbo wa baada ya mahubiri, si ule wa kutokea nje ambao watu wanaupigia soga. Mpangie kwa kodi tatu anazoziweza, ukae kiti cha nyuma yake, mikono mapajani. Na ninyi wapendwa mlio kwenye mabenchi, mkimsikia anachelewa kwenye ubeti wa tatu, msigeuke kumtazama. Endeleeni kuimba, mwendo wenu mmoja, atawakuta mbele.