Mkato Ndani ya Jina la Folda

Mwaka 2021 nilisimamia mazoezi ya mifumo endeshi katika chuo kimoja jijini Mbeya. Hatukutaka wanafunzi wachezee Linux iliyokuwa inaendesha maabara yenyewe, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kompyuta yake ya kuigizwa ndani ya QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Humo, mashine nzima, yaani kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, huelezwa kwa mstari mmoja wa amri.

Binti mmoja akaniita. "Mwalimu, nyumbani inawaka, hapa inakataa."

Laptopu ilikuwa yake, faili ya diski ni ileile. QEMU ilidai haioni faili, lakini jina ililolitaja lilikuwa limekatika katikati. Folda yake aliiita "Kazi, muhula wa pili". Nyumbani alikuwa akitaja diski kwa -hda, chaguo la amri ya QEMU ambalo hupokea jina la faili lote kama lilivyo. Skripti ya maabara, yaani faili yenye amri zilizoandikwa tayari, ilitumia chaguo jingine la diski, -drive, na huko alama ya mkato (,) ndiyo inayotenganisha chaguo na chaguo: file=, format=, if=. Kila kilichofuata baada ya neno "Kazi" kilihesabiwa kuwa chaguo jipya.

Dawa yake inajulikana kwa waliozoea: andika mikato miwili mfululizo, QEMU itaisoma kama mmoja. Akaandika, mashine ikawaka, akarudi kwenye zoezi lake. Mimi sikuridhika. Ujumbe alioonyeshwa haukumpa njia yoyote ya kuligundua hilo mwenyewe, na mwanafunzi anayekwama namna hiyo huishia kuamini kwamba kompyuta si fani yake. Nimewaona wengi.

Jioni nikafungua msimbo wa kisomaji cha machaguo. Neno lisilo na alama ya sawasawa lilichukuliwa kuwa limewashwa. Likianza na "no", limezimwa. Ndiyo maana watu waliandika server,nowait wakimaanisha server=on,wait=off. Ufupi huo una gharama kubwa. Kipande cha jina la faili kilichokatika nacho kinavaa sura ya chaguo halali. Halafu kuna nodelay: ni chaguo liitwalo nodelay lililowashwa, au ni delay iliyozimwa? Programu inayoendesha mashine ya mtu haipaswi kubahatisha. Ikiwa haijaelewa, iseme pale pale, na itaje neno lililoishinda.

Kumbe waliokuwa wanaitengeneza QEMU walikuwa wameliona. Toleo la 6.0, lililotoka Aprili mwaka huohuo, lilianza kutoa onyo kwa kila chaguo la kuwasha au kuzima lililoandikwa kwa kifupi. Tulipolisakinisha, skripti zetu za zamani zilijaza terminali maonyo. Mwenzangu akashauri tuyafiche ili wanafunzi wasiogope.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Onyo hili linawatetea haohao wanafunzi."

Tukaandika on na off kila mahali. Kwa upande wa diski nikaachana na -drive, nikahamia -blockdev, iliyokuwapo tangu toleo la 2.9 la mwaka 2017 na inayokubali maelezo kwa muundo wa JSON, namna ya kuandika data kwa jozi za jina na thamani. Mstari unakuwa mrefu, ndiyo, lakini jina la faili linakaa ndani ya alama za nukuu, na mkato humo ni herufi kama herufi nyingine. Skripti niliiandika upya kwa lugha ya programu ya Python: yenyewe ndiyo inayounda JSON na kuikabidhi kwa QEMU moja kwa moja bila kupitia sheli (programu inayosoma amri zinazoandikwa kwenye terminali), hivyo hakuna mwanafunzi aliyelazimika kuhesabu nukuu wala kurudufu mikato.

Kabla ya kuigawa, nilimwomba yule binti aijaribu kwa majina mabaya kadiri awezavyo. Akaweka nafasi, mikato, alama za sawasawa, hata nukuu zenyewe. Zote zikawaka. Desemba lilipotoka toleo la 6.2, ambalo ndani yake -device, chaguo la kuongeza vifaa kama kadi ya mtandao, nayo inapokea JSON, yeye ndiye aliyeibadilisha sehemu hiyo ya skripti.