Kuuzwa Kericho

Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni saa nne hivi, barabara ikiwa nyepesi. Tikiti yangu ya shilingi 800 iliandikwa Kisumu kwa kalamu ya bluu. Nikashushwa Kericho.

Huku jambo hilo lina jina lake: kuuzwa. Matatu ya watu 14 inafika Kericho, kumi wanashuka, dereva anapiga hesabu. Wanne waliobaki hawalipii mafuta ya kuteremka hadi ziwani, ilhali akigeuza pale pale huenda akajaza ya kurudi Nakuru. Makanga, yaani kondakta, anamtafuta mwenzake wa gari la Kisumu, wananong'onezana, na mabegi yenu yanahamishwa kabla hamjaulizwa. Anayenunua hupewa pungufu ya nauli ya kipande hicho, ndiyo maana anakupokea kwa uso uliokunjwa na kukuweka kwenye sambaza, ubao unaolazwa kati ya viti. Sheria za matatu zilizoanza Februari 2004 zilikuja na mstari wa manjano, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mstari bado upo. Ubao nao upo, husukumwa chini ya kiti kizuizi cha polisi kikikaribia.

Usimwulize mpiga debe gari linafika wapi, maana kwake linafika popote unapotaka. Muulize aliyeketi kando yako anashukia wapi, kisha aliye nyuma yake. Wengi wakitaja Londiani au Kericho, teremka utafute gari jingine. Ikiwa umeshauzwa, usitoe mguu nje hadi uone kwa macho yako pesa zikitoka kwa makanga wa kwanza kwenda kwa wa pili. Tatizo huanzia hapo: wa kwanza anaondoka, wa pili anasema hakupewa kitu, nawe unalipa tena.

Ugomvi wetu ulikuwa na lugha nne. Mama mwenye gunia la viazi alilaani kwa Kikuyu, mpiga debe akamjibu kwa Kipsigis, mzee aliyekuwa akienda Ahero akaguna kwa Kijaluo. Biashara yenyewe, nani anamlipa nani shilingi ngapi, ikafanyika kwa Kiswahili. Mimi wa Mombasa nilitamani lugha yetu ingepata kazi ya heshima zaidi siku hiyo.

Nyuma yetu tulikuwa tumeacha mteremko wa Salgaa, ambako madereva wa malori waliozoea kuweka gia huru ili kubana mafuta hujikuta na breki zilizopata moto zisishike tena. Baada ya Kericho kuna chai pande zote mbili, kisha joto linaingia dirishani na mashamba ya mpunga ya Ahero yanatokea. Reli ya zamani ilifika Kisumu mwaka 1901. Ile mpya ilifika Naivasha mwaka 2019 ikapumzika. Basi kwa sasa maendeleo ya eneo hili ni lami, na lami ni ya matatu.

Kisumu niliingia jioni, magoti yakiwa yamekufa ganzi. Njaa ikanipeleka kwa samaki, na hapo pia macho yawe wazi: si kila ngege (tilapia) anayeuzwa mjini ametoka ziwani. Wapo wa kufugwa kwenye vizimba, na wapo waliogandishwa wakaja kutoka Uchina. Mfunue mashavu, yawe mekundu, si ya kijivu. Bonyeza nyama kwa kidole. Shimo likibaki, mrudishe. Kwetu Mombasa bibi zetu hununua samaki aina ya changu hivyo hivyo. Ngege wangu alikuwa mkavu tayari, ameshakaangwa, na mashavu yalikuwa yametolewa. Nikamla na ugali, shilingi 450.