Zako ni tatu, bwana

Juma hili posa ya Salma imejibiwa, paa la jikoni limezibwa, na ile sura ya 1975 ya kitabu cha kriketi nimeimaliza. Lakini nikikaa tu, namsikia mzee wa Majengo: "Zako ni tatu, bwana. Nne ni legibai." Yaani mbio, pointi za kriketi, zinazopatikana mpira ukigonga mwili badala ya bati; ni za timu, si za mpigaji.

Mnakijua kisa changu cha mbio saba. Mechi ya mwisho ya msimu, 1989, zimebaki mbio saba tushinde, mimi naingia wa kumi na moja, mpigaji wa mwisho, nazipata zote. Nimekisimulia harusini, matangani, hata kwenye matatu ya Malindi.

Mzee ndiye aliyekuwa akiandika skori siku ile. Nilimwendea nipige picha madaftari yake kabla mchwa hawajayamaliza. Akaufungua ukurasa wenyewe bila kupapasa. Jina langu kwa penseli iliyofifia: 1, 2, basi. Chini, kwenye safu ya ziada, mbio zisizo za mpigaji yeyote, ile nne yangu.

"Mzee, ile niliipiga. Ilifika ukutani."

"Ilifika. Lakini ilitoka kwenye pedi ya mguu."

"Wewe ulikuwa mbali, mzee."

"Na wewe ulikuwa umefumba macho."

Akafunga daftari, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

Sasa fikirieni. Mimi ndiye ninayewanyamazisha wazee wa watu kwa swali moja: daftari linasema nini? Mwaka jana mmoja aliniapia kwamba Afrika Mashariki (timu iliyokuwa na Wazambia pia, msiniulize) nusura iwafunge India kwenye Kombe la Dunia la 1975, pale Headingley, Uingereza. Nikamtolea karatasi: tulitolewa sote kwa mbio 120, India wakazipita bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wao yeyote kutolewa. Hakubisha. Alinimiminia chai tu. Siku hizi naikumbuka ile chai.

"Na wewe ulikuwa umefumba macho." Nilifumba? Kwa mpira ule, huenda.

Jana usiku nikarudi kwenye sura ya Pune, India, Kombe la Dunia, 29 Februari 1996. Kenya 166, West Indies 93. Hayo kila mtu anayo kichwani. Nikashuka kwenye mistari yetu kutafuta nani alifunga nyingi zaidi. Tikolo, 29. Halafu chini yake, ziada: 37! Mipira mipana, nobo (mipira iliyorushwa kinyume cha sheria), na legibai nane. Nimeuona ukurasa ule mara mia, na sijawahi kumsikia Mkenya akiutoa ushindi ule kwa sababu hiyo. Nikacheka peke yangu mpaka Mama Salma akauliza kulikoni.

"Ziada," nikamwambia.

Akaniongezea chapati.

Kesho narudi Majengo kuomba daftari la 1990. Kuna arubaini na moja zangu humo, ninavyokumbuka.

Ila yule kijana wa mkokoteni hajaleta maji tangu juzi. Si kawaida yake, na simu yake haiiti.